Mashine Ileile: Ukarabati, Utambulisho na Ufufuo katika Bonde la Kilombero

Swali la kama kitu kinaendelea kuwa kilekile baada ya sehemu zake kubadilishwa moja baada ya nyingine ni la kale kuliko mashine yoyote. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch, aliyeishi katika karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, alilieleza kwa mfano wa merikebu ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa vizazi wakiondoa kila ubao uliooza na kuweka mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema merikebu ni ileile na wale wakisema siyo tena. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alilikaza fundo hilo kwa kuuliza kwamba, ikiwa mtu angeziokota mbao zote kuukuu zilizotupwa na kuziunganisha upya kwa mpangilio wake wa awali, ni ipi kati ya merikebu hizo mbili ingestahili kuitwa ya Theseus. Wanafalsafa huliita suala hili utambulisho wa kitu katika wakati, yaani lile linalokifanya kitu cha leo kihesabiwe kuwa ndicho kile cha jana licha ya mabadiliko yaliyokipata.

Katika Bonde la Kilombero chombo cha asili cha majini hakikuliibua swali hili. Mtumbwi wa Wandamba, wavuvi ambao maisha yao yamefungamana na Mto Kilombero na madimbwi yanayoachwa na mafuriko yake, huchongwa kutokana na gogo moja, kwa hiyo hauna mbao za kung'olewa na kurudishwa. Ukipasuka huzibwa, ukioza huachwa, na hakuna hatua ya katikati ambapo nusu yake ni ya zamani na nusu ni mpya. Chungu nacho kikivunjika huwa vigae. Jembe lenye mpini mpya hukaribia kuleta ubishi, lakini kwa kuwa watu wote wanakubaliana kwamba jembe ni chuma chake, ubishi hufa kabla haujaanza. Maana yake ni kwamba fumbo la Theseus halitokani na wakati peke yake, kama linavyofundishwa mara nyingi, bali hutokana pia na namna ya kuunda: linahitaji kitu kilichounganishwa kwa vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kutolewa bila vingine kuharibika. Majahazi ya pwani, yanayojengwa kwa mbao, yalikuwa na sifa hiyo tangu zamani. Bondeni sifa hiyo iliingia kwa wingi pamoja na bidhaa za kiwandani.

Iliingia kwa milango kadhaa. Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao ni tawi mojawapo la shirika la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, walifika Tanganyika mwaka 1921 kuchukua nafasi ya Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa kufuatia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hospitali iliyokua chini yao katika mji wa Ifakara, bondeni humo, ikabeba jina la mtakatifu huyo. Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, alifungua maabara ya utafiti Ifakara mwaka 1957, nayo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miaka ya 1960 uzalishaji wa sukari ulishika kasi upande wa Kidatu, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita Ifakara, na mtambo wa umeme wa maji wa Kidatu ukaanza kazi katika muongo huohuo. Kila mlango kati ya hiyo uliingiza mota, pampu, majokofu na vipimo vilivyotengenezwa mbali, na kila mmoja uliwaachia mafundi wa bonde jukumu la kuviweka katika hali ya kufanya kazi katika nchi ya joto, unyevu na matope, mara nyingi bila spea za kiwandani.

Miongoni mwa vifaa hivyo, mashine ya kufyonza inafaa kuchunguzwa kuliko vingine, kwa sababu muundo wake ni mwepesi kueleweka na historia yake imehifadhiwa vizuri. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kufyonza vumbi iliyokokotwa na farasi hadi mlangoni mwa nyumba, mipira yake mirefu ikaingizwa ndani kupitia madirishani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1921, kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilitoa aina yake iliyoitwa Model V, silinda iliyolala juu ya vyuma viwili vya kuteleza mithili ya sleji, ikivutwa sakafuni na mtumiaji kwa mpira wake. Umbo hilo la mtungi unaoburutwa liligeuka kielelezo kwa viwanda vingi, na leo mitungi ya aina hiyo yenye umri wa miaka 60 au 80 hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale wa Ulaya na Marekani. Ndani yake mna mota inayozungusha feni kwa kasi kubwa, feni hiyo husukuma hewa nje kupitia nyuma ya mtungi, na upungufu wa hewa unaobaki ndani hujazwa na hewa ya chumba inayoingia kwa nguvu kupitia mpira ikibeba vumbi, kisha mfuko wa kitambaa au karatasi hulizuia vumbi na kuiachia hewa ipite. Ikumbukwe kwamba mashine hii, tukiongea kwa usahihi, haivuti chochote. Kinacholisukuma vumbi ni uzito wa hewa ya nje, jambo ambalo Evangelista Torricelli wa Italia alilidhihirisha katika miaka ya 1640 kwa mrija wa zebaki. Mashine hutengeneza nafasi tu, na nguvu hutoka kwingine. Nukta hii itahitajika tena huko mbele.

Kuitambua mashine kuukuu ya namna hiyo ni kazi ya ushahidi. Fundi au mkusanyaji huanza na kibao cha kiwandani, yaani bati dogo lililogongwa ubavuni au chini ya mtungi likiwa na jina la modeli, namba ya mfululizo, kiwango cha volti na cha wati. Kisha huangalia umbo la swichi, aina ya waya (waya zilizofunikwa kwa kitambaa ni za zamani kuliko zile za plastiki), na namna mpira unavyofungwa. Kibao hakisomwi kwa ajili ya udadisi. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120 hivi, na ikichomekwa katika umeme wa Tanzania wa volti 230 bila transfoma, mota yake huungua kabla mmiliki hajamaliza kujivunia alichokipata. Baada ya hapo hufuata ukaguzi wa kaboni, yaani vipande vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kuipa umeme, ambavyo vimeundwa kwa makusudi viishe kwanza ili kitu cha thamani zaidi kisiishe; hufuata pia bering zenye grisi iliyoganda, na nyaya za koili ambazo zikiungua husukwa upya. Hata hivyo, kibao chenyewe kinaweza kung'olewa na kuhamishiwa katika mtungi mwingine, kwa hiyo kielelezo kinachoaminiwa kuliko vyote ndicho kilicho rahisi kughushiwa, na mtambuzi mwenye busara hukubali ushuhuda wake pale tu sehemu nyingine zinapokubaliana nacho.

Ifakara haina mazulia mengi, na ufagio wa chelewa unatosha kwa sakafu zake. Lakini mji huo umekuwa na mashine za kufyonza za aina yake, ambazo kitu zinachokusanya ni mbu. Kwa miongo mingi watafiti wa malaria walikamata mbu waliotulia kwenye kuta kwa bomba dogo lenye mpira ambao mkamataji aliutia mdomoni na kuvuta pumzi, wavu mwembamba ukizuia mdudu asifike kinywani. Mota ya chombo hicho ilikuwa mapafu ya binadamu. Baadaye ikatumika mashine ya betri inayobebwa mgongoni, iliyohusishwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, na mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Gonzalo Vazquez-Prokopec walieleza mashine nyepesi zaidi iitwayo Prokopack, yenye mota ndogo, feni, kikombe cha kukusanyia na mpini unaoweza kurefushwa hadi darini, iliyobuniwa kwa makusudi iweze kuundwa kwa vifaa vya bei nafuu. Imetumika sana Kilombero na Ulanga katika kuwatafuta Anopheles funestus, ambao mara nyingi huwa wachache kuliko Anopheles arabiensis lakini hubeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria bondeni, na ambao hupenda kupumzika ndani ya nyumba. Kikanuni, mashine hii na mtungi wa Uswidi wa 1921 ni ndugu wa ukoo mmoja: mota, feni, nafasi, hewa ya nje, na chujio linalobakiza kile kinachotafutwa.

Kifaa cha namna hii kinapoharibika, sura mpya ya swali la kale hujitokeza, ambayo Plutarch hakuifikiria. Betri hufa kwanza, kisha waya hukatika kwenye kiungo, wavu hutoboka, mota huchoka. Fundi anayeweka mota nyingine yenye nguvu zaidi kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani amefanya jambo ambalo kwa kipimo cha kawaida ni jema, maana mashine imepona na pengine inafanya kazi vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Kwa mtafiti, hata hivyo, hapo ndipo mashine imekufa na nyingine imezaliwa katika gamba lake, kwa kuwa mashine yenye mvuto mkubwa zaidi itakusanya mbu wengi zaidi katika dakika zilezile, na hesabu ya mwezi huu haiwezi tena kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Kipimo cha mtafiti hakihusu mabati wala historia. Mashine kwake ni ileile maadamu inaupima ulimwengu kwa namna ileile. Kwa mantiki hiyo, mashine mbili tofauti zenye mvuto sawa ni kitu kimoja kwa kazi yake, ilhali mashine moja iliyobadilishiwa mota ni vitu viwili.

Mkusanyaji wa vitu vya kale hukataa msimamo huo kwa nguvu zote. Kwake mtungi wa Model V wenye mota mpya umepungukiwa hata kama unafyonza, na wenye mota ya asili iliyokufa una heshima yake hata kama haufyonzi. Anachokithamini ni mata yenyewe, chuma kilekile kilichopita mikononi mwa wafanyakazi walewale. Fundi wa Ifakara husimama upande wa tatu, akihukumu kwa kazi: mashine iliyoletwa ikiwa imekufa na ikaondoka ikifanya kazi ni mashine ya mteja huyohuyo, na mteja asiyelipa kwa hoja kwamba amerudishiwa mashine nyingine atachekwa hadharani. Ni rahisi kumwona mkusanyaji kuwa mtu wa anasa na fundi kuwa mtu wa ukweli, na hukumu hiyo ina haki yake mahali ambapo kifaa kilicholala ni mgonjwa asiyehudumiwa. Lakini kama hoja ya kifalsafa haitoshi, kwa sababu kazi nayo hubadilika.

Mfano bora wa hilo katika Tanzania nzima unaelea Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya makasha kupitia Dar es Salaam na reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Meli hii imebadili jina, bendera, injini na kazi, kutoka silaha hadi usafiri wa abiria na mizigo, na bado watu wote huizungumzia kama chombo kimoja chenye umri wa zaidi ya karne. Kwa kipimo cha fundi, yaani kazi, ilipaswa kuhesabiwa meli mbili. Kwa kipimo cha mtafiti pia. Kinachoiunganisha ni gamba lake la chuma na masimulizi yasiyokatika ya watu walioishughulikia, na sehemu ya pili ya jibu hilo inaelekea kuwa na uzito zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa gamba lisilo na anayelikumbuka ni chuma chakavu tu.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alikaribia jambo hili katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu. Alisema mti wa mwaloni hubaki uleule ingawa chembe zake hubadilika, kwa sababu uhai mmoja unaendelea kuzipanga chembe hizo. Saa inafanana na mnyama kwa kuwa nayo ni mpangilio wa sehemu kwa ajili ya kusudi fulani, lakini inatofautiana naye kwa jambo moja kubwa, kwamba mwendo wa mnyama hutoka ndani pamoja na mpangilio wake, na wa mashine hutoka nje. Mashine ya kufyonza inathibitisha maneno yake mara mbili, kwanza kwa kuwa umeme wake hutoka kwenye betri au nguzo, na pili kwa kuwa hata nguvu inayobeba vumbi au mbu ni ya hewa ya nje. Kinachofuata, ingawa Locke hakukifikisha huko, ni kwamba ikiwa mwendo wa mashine hutoka nje, basi na utambulisho wake hutoka nje pia. Mwaloni hujitunza kuwa mwaloni uleule pasipo mtu kuuamulia, wakati mashine hutunzwa kuwa ileile na watu wanaokubaliana kuhusu lililo muhimu ndani yake. Mkusanyaji, fundi na mtafiti hawabishani kuhusu ukweli mmoja ambao wawili kati yao wameukosea; kila mmoja amekabidhiwa mashine kwa ajili ya jambo tofauti.

Dhana hii ya kukabidhiwa imechambuliwa kwa makini zaidi na wanasheria wa dini kuliko na wanafalsafa, na bonde lenye makanisa na misikiti lina warithi wa mapokeo yote mawili. Katika sheria ya Kiislamu, wakfu ni mali ambayo mmiliki ameitoa katika umiliki wake moja kwa moja ili manufaa yake yaende kwa kusudi jema, na mali yenyewe isiuzwe wala kurithiwa. Swali la Theseus liliwafikia mafakihi kwa njia ya ukuta na mkeka: majengo ya wakfu huchakaa, na kila ukarabati huondoa kitu kilichokuwa wakfu. Imamu Nawawi wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake Minhaj kilikuwa nguzo ya elimu ya sheria katika pwani ya Waswahili, alitoa hukumu zenye pande mbili. Kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba mikeka ya msikiti iliyochakaa, na boriti zake zilizovunjika zikawa hazifai ila kwa kuni, inaruhusiwa kuuzwa. Lakini msikiti wenyewe ukibomoka na isiwezekane kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote ile. Sehemu huja na kuondoka kama mali ya kawaida, na ile iliyowekwa wakfu hubaki hata pale ambapo hakuna jiwe juu ya jiwe.

Sheria ya Kanisa Katoliki hujibu kinyume. Kanuni ya 1212 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaeleza kuwa mahali patakatifu hupoteza kuwekwa wakfu au kubarikiwa kwake endapo sehemu yake kubwa imebomolewa, au endapo pamegeuzwa kwa kudumu kuwa mahali pa matumizi ya kawaida, iwe kwa amri ya mwenye mamlaka au kwa jinsi hali ilivyo. Hapa utakatifu wa mahali umefungwa na jengo na matumizi, hivyo kanisa linaweza kufa, na kuna kiwango, ingawa hakikuwekewa tarakimu, ambacho ubomoaji ukikivuka hakuna linalobaki la kukarabati. Tofauti hii si ya bahati. Kwa Nawawi kitendo cha kutoa kilikwisha kufanyika na hakirudishwi nyuma na mvua wala mchwa. Kwa wanasheria wa Roma kitendo hicho kinahitaji mwili wa kukaa, na mwili ukiondoka kitendo kinabaki historia. Anayesimama mbele ya mashine iliyokufa katika ghala la hospitali au la mradi uliokwisha, akijiuliza kama ni ya kufufuliwa au kufutwa kwenye daftari la mali, anachagua bila kujua kati ya mafundisho haya mawili. Kwa suala la vifaa, jibu la Roma lina busara zaidi ya utendaji, kwa kuwa ghala lililojaa mitungi isiyoruhusiwa kufa huwa makaburi yanayokula nafasi ya walio hai. Kwa suala la kusudi ambalo vifaa hivyo vilitolewa, Nawawi ndiye aliyeona mbali.

Kuna suala dogo la pembeni lisilostahili kupitwa, nalo ni uuzaji. Ikiwa utambulisho wa mashine hutunzwa na makubaliano ya watu, basi neno la fundi ni sehemu ya ukarabati kama ilivyo bering. Sheria ya Kiislamu ya biashara humlazimu muuzaji kuitaja aibu, yaani kasoro ya bidhaa inayopunguza thamani yake, na humpa mnunuzi haki ya kuirudisha bidhaa iliyofichwa aibu. Mota iliyosukwa upya si kasoro kwa fundi, maana inaweza kudumu kuliko ya kiwandani. Ni kasoro kwa mkusanyaji. Hivyo muuzaji anayenyamaza hawezi kujitetea kwamba mashine inafanya kazi, kwa sababu mnunuzi hakuuliza kuhusu kazi. Kadi za usajili wa pikipiki zinazojaa katika mitaa ya Ifakara zimelitatua tatizo hili kwa mkono wa serikali kwa kuandika namba ya chesisi na namba ya injini kila moja mahali pake, ili injini iliyobadilishwa ijulikane kuwa imebadilishwa, na uamuzi wa kama pikipiki ni ileile uachwe kwa anayeinunua akiwa na habari kamili.

Mada hii yote ina kivuli kilichoifuata tangu mwanzo, nacho ni mwili wa binadamu. Wakristo na Waislamu wa bonde hukiri kwamba wafu watafufuliwa kwa miili yao, na wanateolojia wa pande zote mbili waliulizwa mapema swali la fundi: ikiwa mwili umeoza, umeliwa na samaki, umekuwa udongo na udongo umekuwa mpunga, ni nini kitakachoufanya mwili utakaoinuka uwe uleule na si nakala yake? Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, alijibu kwa mfano wa msanii anayeyeyusha sanamu na kuifinyanga tena kutoka madini yaleyale. Haijalishi kama kipande kilichokuwa mkono sasa kimekuwa mguu, mradi mata yote imerudi na sanamu ni ileile. Hilo ni jibu la mkusanyaji, lililoboreshwa. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilegeza sharti la mata kwa kukumbusha kwamba hata mtu aliye hai habaki na chembe zilezile, kama moto unavyobaki mmoja wakati kuni zinaungua na nyingine kuongezwa. Kinachomfanya awe yeye ni roho, ambayo aliielezea kuwa ndiyo umbo la mwili, yaani kanuni ya ndani inayoipa mata mpangilio na uhai. Kabla yake, al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, alifika mbali zaidi, akisema kwamba Mungu aweza kuirudisha nafsi katika mwili wowote, uwe wa mata ya kwanza au ya nyingine, kwa kuwa mtu ni mtu kwa nafsi yake.

Inashawishi kusema kwamba mafundi wa bonde hufanya kwa bisibisi kile ambacho wanateolojia hawa walikiongelea, na mahubiri ya aina hiyo si vigumu kuyafikiria. Ulinganisho huo hushindwa mahali palepale ambapo Locke aliweka alama. Mtu aliyefufuliwa, kwa imani ya dini zote mbili, atajijua mwenyewe kuwa ni yeye na atajibu kwa matendo yake; utambulisho wake hauhitaji kibao wala shahidi. Mashine haiwezi kushuhudia chochote kuhusu nafsi yake. Kwa hiyo ukarabati hautoi ushahidi wa ufufuo, wala kushindwa kwa ukarabati hakuupingi. Unachoweza kufanya ni kuonyesha, kwa kinyume, jinsi dai la wanateolojia lilivyo kubwa: wanasema kuna kitu ambacho kikivunjwa chote hubaki na haki ya kurudishwa kikiwa chenyewe, bila kutegemea kumbukumbu ya waliokijua.

Haki hiyo ilionekana wazi zaidi katika swali gumu kuliko yote ambalo Agostino alikubali kulijibu: mtu aliyeliwa na mtu mwingine wakati wa njaa, nyama yake ikawa nyama ya mlaji, je, katika ufufuo ni ya nani? Alijibu kwamba itarudi kwa yule ambaye ndani yake ilikuwa mwili wa mtu kwanza, na kwamba mlaji ahesabiwe kuwa alikopa. Katika karakana yoyote ya Ifakara kuna mashine za namna hiyo, mtungi uliotolewa feni ili kumponya mwenzake, kisha kaboni, kisha waya, mpaka ukabaki gamba. Hakuna fundi anayeona kwamba mtungi huo unadai feni yake, na yuko sahihi, kwa sababu mtungi si mtu. Lakini ikiwa ulitolewa kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa unaowaua watoto wa bonde, mdai yupo, naye ni lile kusudi. Wafafanuzi wa sheria ya Nawawi waliporuhusu boriti iliyovunjika iuzwe, walitaka thamani yake itumike kwa maslahi ya msikiti. Kwa kipimo hicho, feni iliyotoka katika mashine ya wagonjwa ikaingia katika mashine nyingine ya wagonjwa haidaiwi na yeyote, na feni hiyohiyo ikiingia katika mashine ya duka la mtu binafsi inadaiwa, hata kama ilikuwa imechakaa na hakuna aliyeiandika popote.